Gari la pedali mbili: Nani anayekanyaga klachi?

Na Mwandishi Wetu

UKIINGIA katika yadi yoyote ya magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam, swali ambalo mnunuzi huliuliza mara baada ya bei ni moja: je, gari hili ni otomatiki au ni manyuo? Muuzaji huchungulia chini ya usukani. Akiona pedali mbili hujibu kuwa ni otomatiki, akiona tatu hujibu kuwa ni manyuo, na mazungumzo huhamia kwenye rangi na matairi.

Kwa miaka mingi jibu hilo lilitosha. Siku hizi halitoshi tena. Miongoni mwa magari yenye pedali mbili yamo ambayo si otomatiki kwa maana iliyozoeleka. Ndani yake mna giaboksi ile ile ya manyuo na klachi ile ile ya pleti, isipokuwa kazi ya mguu wa kushoto wa dereva imekabidhiwa kwa mota, pampu ya mafuta na kompyuta. Hayo ndiyo magari ya nusu otomatiki.

Tofauti hiyo si urembo wa maneno ya wauza magari. Ndiyo inayoamua namna ya kuliendesha gari kwenye foleni, namna ya kuliegesha kwenye mwinuko, aina ya oili ya kuliwekea na, hatimaye, fedha ambazo mwenye gari atazitoa mfukoni siku giaboksi itakapogoma. Kwa familia iliyojinyima miaka mitatu au minne ili kununua gari lake la kwanza, hilo si jambo dogo.

Kazi mbili zisizokwepeka

Ili kuielewa tofauti hiyo, ni vyema kuanza na swali la msingi: kwa nini gari lina gia?

Injini ya petroli haiwezi kuzunguka polepole mno. Gari likiwa limesimama huku likiunguruma, injini huzunguka kiasi cha mara 700 hadi 900 kwa dakika, na ikishuka sana chini ya hapo huzimika. Magurudumu, kwa upande wake, hayana budi kuanza kutoka sifuri. Aidha, nguvu ya injini inapozunguka polepole ni ndogo, ilhali gari lenye mzigo huhitaji nguvu kubwa zaidi pale pale linapoanza kuondoka.

Gia ndizo zinazousuluhisha mgogoro huo. Katika gia ya kwanza ya magari mengi madogo, injini huzunguka zaidi ya mara tatu ili shafti inayotoka kwenye giaboksi izunguke mara moja. Mwendo hupungua, lakini nguvu huongezeka. Katika gia za juu mizunguko ya injini na ya shafti hiyo hukaribiana, na gari hukimbia bila injini kupiga kelele.

Kutokana na hali hiyo, katika kila gari lenye gia kuna kazi mbili ambazo lazima zifanywe na mtu au na mtambo. Ya kwanza ni kuitenganisha injini na giaboksi kwa muda mfupi, kisha kuziunganisha tena taratibu. Hiyo ndiyo kazi ya klachi. Ya pili ni kuamua gia ipi iingie na wakati gani.

Msomaji akizishika kazi hizo mbili, mkanganyiko wote huondoka. Katika manyuo, dereva hufanya zote mbili. Katika otomatiki, mtambo hufanya zote mbili. Katika nusu otomatiki, mtambo huishughulikia klachi, na dereva hubaki na haki ya kuchagua gia, ingawa mara nyingi anaweza kuikabidhi haki hiyo kwa kompyuta pale anapochoka.

Manyuo: rahisi na mvumilivu

Sifa kubwa ya giaboksi ya manyuo ni wepesi wa maumbile yake. Pleti ya klachi ikiisha, fundi hushusha giaboksi, huweka pleti mpya na kuipandisha tena. Kazi hiyo hufanyika Kariakoo, na hufanyika vilevile katika mji mdogo ulio mbali na barabara ya lami. Gari likikosa betri, watu wanne hulisukuma, dereva akaachia klachi katika gia ya pili na injini ikawaka.

Udhaifu wake unafahamika na kila aliyekaa saa mbili katika foleni ya Barabara ya Mandela. Mguu wa kushoto haupumziki. Aidha, dereva asiye na uzoefu huunguza klachi haraka kwa kuikalia, yaani kuuacha mguu juu ya pedali wakati gari linatembea, au kulizuia gari kwenye mwinuko kwa klachi na mafuta badala ya breki.

Otomatiki: oili badala ya pleti

Gari la kwanza la otomatiki kamili kuuzwa kwa wingi lilitoka kwa kampuni ya General Motors ya Marekani. Mwaka 1939 kampuni hiyo ilitangaza giaboksi iliyoitwa Hydra-Matic, iliyofungwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Pedali ya klachi haikuwapo kabisa.

Siri ya otomatiki za kawaida iko kwenye chombo cha mviringo kilicho kati ya injini na giaboksi. Ndani yake mna kitu mfano wa feni mbili zinazotazamana, na chombo chote kimejaa oili. Feni ya kwanza huzungushwa na injini na kuitupa oili kwa nguvu. Oili hiyo huisukuma feni ya pili, ambayo imeungana na giaboksi. Kwa kuwa kinachoziunganisha ni oili tu, gari linaweza kusimama kwenye taa likiwa kwenye D na injini isizimike. Ndiyo sababu pia gari la otomatiki hutambaa lenyewe dereva anapoachia breki.

Oili inayoteleza hupoteza nguvu kwa njia ya joto. Otomatiki za zamani, zilizokuwa na gia tatu au nne tu, zilipata sifa ya kunywa mafuta kwa sababu hiyo. Hata hivyo, sifa hiyo haistahili tena kwa magari yote. Otomatiki za kisasa zina klachi ya ndani inayozifunga feni hizo pamoja gari linapochanganya mwendo, na nyingine zina gia nane, tisa au hata kumi. Baadhi yake hutumia mafuta sawa na manyuo, au pungufu.

Mbali na hizo ipo CVT, ambayo imo katika magari mengi madogo yanayoingizwa kutoka Japani. Hii haina gia za meno zinazopokezana. Ina puli mbili zinazotanuka na kusinyaa, na mkanda wa chuma kati yake. Kwa dereva, CVT ni otomatiki kamili, kwa kuwa kazi zote mbili hufanywa na mtambo. Kwa fundi ni kiumbe tofauti, chenye oili yake maalumu.

Nusu otomatiki si mgeni

Huenda msomaji akadhani kuwa nusu otomatiki ni uvumbuzi wa juzi. La hasha. Pikipiki ya Honda Super Cub, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1958, haina mkono wa klachi. Mwendeshaji hubadili gia kwa mguu, na klachi hujitenganisha na kujiunganisha yenyewe. Hiyo ni nusu otomatiki halisi, na hadi mwaka 2017 Honda ilikuwa imekwisha kutengeneza zaidi ya pikipiki milioni 100 za familia hiyo.

Upande wa magari, Citroën DS ya Ufaransa iliyozinduliwa mwaka 1955 ilikuwa na gia zilizochaguliwa na dereva kwa kijiti kidogo karibu na usukani, na klachi iliyoendeshwa kwa shinikizo la mafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Volkswagen nayo iliuza Beetle isiyo na pedali ya klachi. Ndani ya mkono wa gia mlikuwa na swichi, na dereva alipoushika tu mkono huo, klachi ilijitenga.

Jambo lililoupa mfumo huu heshima ni mbio za magari. Machi 1989, jijini Rio de Janeiro, timu ya Ferrari iliingia katika mbio za kwanza za msimu wa Formula 1 na gari ambalo dereva wake alibadili gia kwa kuvuta vibao viwili nyuma ya usukani. Wengi hawakutarajia gari hilo lifike mwisho. Nigel Mansell wa Uingereza alishinda. Ndani ya miaka michache mfumo huo ukaenea katika mashindano yote, kwa kuwa dereva asiyeondoa mkono kwenye usukani huokoa sehemu ya sekunde katika kila gia. Mwaka 1997 Ferrari iliupeleka mfumo huo kwa wanunuzi wa kawaida, wenye uwezo, kupitia gari la F355.

Klachi moja au klachi pacha

Magari ya nusu otomatiki yaliyopo barabarani leo yamegawanyika katika makundi mawili makubwa.

Kundi la kwanza ni la klachi moja. Giaboksi ni ya manyuo, na mota ndogo au pampu hukanyaga klachi na kuusukuma mkono wa gia. Ni mfumo wa bei nafuu, na unabana matumizi ya mafuta kwa sababu hakuna oili inayoteleza. Suzuki ilianza kuufunga mfumo huo, kwa jina la AGS, katika gari dogo la mizigo la Carry nchini Japani mwaka 2014. Gari hilo ni lile lile ambalo wakazi wa Dar es Salaam wamelizoea kwa jina la kirikuu.

Dosari ya kundi hili huonekana wakati wa kubadili gia. Klachi inapojitenga, nguvu hukatika kwa muda, na abiria huinamisha vichwa mbele kana kwamba wanaitikia jambo. Dereva aliyezoea otomatiki hudhani gari ni bovu. Si bovu. Akipunguza mafuta kidogo pale gia inapobadilika, kama afanyavyo dereva wa manyuo, mtikisiko huo hupungua sana.

Kundi la pili ni la klachi pacha. Giaboksi yake ni kama mbili zilizounganishwa: klachi ya kwanza hushughulikia gia ya kwanza, ya tatu na ya tano, na ya pili hushughulikia gia ya pili, ya nne na ya sita. Gari likiwa katika gia ya tatu, kompyuta huwa imekwisha kuiandaa ya nne. Muda wa kubadili ukifika, klachi moja huachia huku nyingine ikishika, na nguvu haikatiki. Volkswagen ndiyo iliyoupeleka mfumo huu katika magari ya kawaida, ilipoufunga kwenye Golf R32 mwaka 2003 kwa jina la DSG.

Pamoja na uzuri huo, klachi pacha hazikukosa matatizo. Nyingine huogelea katika oili inayozipoza, na nyingine, hasa za magari madogo, ni kavu. Klachi kavu hupata joto pale gari linapotambaa hatua kwa hatua, na foleni ndiyo mazingira yenyewe. Nchini Australia, mwaka 2018, mahakama iliitoza Ford faini ya dola milioni 10 za nchi hiyo kwa jinsi ilivyowatendea wateja waliolalamikia giaboksi zake za klachi pacha zilizoitwa PowerShift. Nayo Honda iliyaita magari yake ya Fit Hybrid zaidi ya mara moja kati ya 2013 na 2014 ili kurekebisha programu ya kompyuta inayoongoza giaboksi ya aina hiyo.

Alama za + na - zinavyodanganya

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Gari linaweza kuwa na alama za + na - pembeni mwa D, na hata vibao nyuma ya usukani, lakini likabaki kuwa otomatiki ya kawaida. Porsche ilianza kuuza mfumo wa namna hiyo, Tiptronic, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na watengenezaji wengine wakaiga. Dereva anaruhusiwa kupendekeza gia, lakini chini yake bado kuna feni na oili. Wapo wauzaji wanaoziita nusu otomatiki. Kimaumbile, sivyo zilivyo.

Sheria za baadhi ya nchi hazijishughulishi na maumbile hayo. Nchini Uingereza, aliyefanya mtihani wa udereva katika gari lisilo na pedali ya klachi hupewa leseni ya otomatiki pekee, na nusu otomatiki huhesabiwa humo humo. Japani nayo imekuwa na leseni ya otomatiki pekee tangu mwaka 1991. Sheria hutazama mguu wa dereva, lakini fundi hana budi kutazama kilichomo ndani.

Funzo la Kitonga

Wanaojua vyema thamani ya kuchagua gia ni madereva wa malori. Malori makubwa ya kisasa mengi yana giaboksi za nusu otomatiki za kundi la klachi moja, zenye gia 12 au zaidi. Volvo ilizindua ya kwake, I-Shift, mwaka 2001, na Scania na Mercedes-Benz nazo zina mifumo ya aina hiyo.

Lori linalotoka Zambia au Kongo likiwa na shaba kuelekea bandari ya Dar es Salaam lazima literemke Mlima Kitonga mkoani Iringa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la ekseli saba na tela lake kufikia tani 56. Uzito huo ukiachiwa breki za magurudumu pekee katika mteremko mrefu, breki hupata moto na kupoteza nguvu. Kinga yake ni kuingiza gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, ili injini yenyewe iwe breki.

Hilo ni funzo kwa dereva wa gari dogo pia. Kompyuta haioni kona iliyo mbele wala mwisho wa mteremko kama aonavyo dereva. Mwenye manyuo ashuke kwa gia ile ambayo angepandia. Mwenye nusu otomatiki ahamie upande wa kuchagua mwenyewe na ashushe gia mapema. Mwenye otomatiki ya kawaida atumie alama ya -, au nafasi za L na 2 ambazo watu wengi huzimiliki kwa miaka kumi bila kuzigusa. Kwa vyovyote vile, kuteremka mlima kwa nyutro ili kuokoa mafuta ni kuuchezea uhai.

Namna ya kulitambua na kulitunza

Kabla ya kulipia gari la pedali mbili, mnunuzi atazame mambo machache.

Kwanza, mkono wa gia. Magari mengi ya nusu otomatiki ya klachi moja hayana nafasi ya P. Yana R, N, D na sehemu ya kuchagua mwenyewe. Gari la namna hiyo huegeshwa kwa kuacha gia ndani na kuvuta hendibreki, kama manyuo. Anayeliacha katika N bila hendibreki, kwa kudhani kuwa ni otomatiki, anaweza kulikuta limebingirika. Hata hivyo, klachi pacha nyingi zina P, hivyo kipimo hiki pekee hakitoshi.

Pili, herufi zilizomo katika nyaraka au kwenye mwili wa gari. AT ni otomatiki ya kawaida, CVT ni ya mkanda, AMT na AGS ni nusu otomatiki za klachi moja, DCT na DSG ni klachi pacha.

Tatu, gari liendeshwe kabla ya kununuliwa, tena kwenye mwinuko na kwenye foleni, si kuzunguka yadi peke yake. Harufu ya klachi iliyoungua, kusitasita wakati wa kuondoka au kutetemeka katika mwendo mdogo ni dalili za kumwita fundi kabla ya fedha kubadili mikono.

Nne, oili. Kila moja kati ya mifumo hii ina oili yake, na kosa la kumimina oili ya AT katika CVT linaweza kuiua giaboksi. Neno otomatiki alilolitamka muuzaji halimtoshi fundi. Anahitaji kusoma kitabu cha gari au maandishi yaliyo kwenye giaboksi.

Baada ya kununua, sheria moja humlinda mwenye nusu otomatiki kuliko nyingine zote: asilizuie gari kwenye mwinuko kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo. Katika otomatiki ya kawaida, kosa hilo huipasha oili joto. Katika nusu otomatiki, huiunguza klachi kama ilivyo kwa manyuo, tofauti ikiwa kwamba dereva hana pedali ya kumkumbusha kuwa klachi ipo. Kwenye foleni vilevile, ni bora kusubiri nafasi ifunguke kisha kusogea mara moja kuliko kutambaa kila hatua.

Ipi basi iliyo bora? Jibu hutegemea kazi na mahali. Anayeishi mbali na mafundi wa umeme wa magari na anayebeba mizigo katika barabara mbovu, manyuo bado ni rafiki yake wa kweli. Anayeshinda kwenye foleni za mjini atapumzishwa na otomatiki ya kawaida. Nusu otomatiki humfaa anayethamini mafuta na uwezo wa kuchagua gia, ili mradi akubali kuiendesha kama manyuo iliyofichwa na awe na fundi mwenye kifaa cha kuisoma kompyuta yake.

Kwa hiyo, siku utakapoingia yadi na kuonyeshwa gari la pedali mbili, usiishie kuuliza kama ni otomatiki. Uliza klachi yake inakanyagwa na nani. Muuzaji akishindwa kujibu, mwite fundi ajibu kwa niaba yake kabla hujatoa fedha zako.